Gari Nililolikata Ulimi

Nilikuacha umesimama na mimi nje ya chumba cha mizigo, saa saba na nusu mchana, sinia la wali mkononi, na gari la marehemu linanguruma ndani peke yake.

Kama wiki iliyopita hukuwepo, nakupa kwa ufupi. Naitwa Uwesu. Shule niliiacha kidato cha pili nikaingia kwenye magari. Kaka yangu Adinani aliuza kiwanja chetu cha Itetemia akaagiza gari la haibridi, lile linalotembea kwa betri, na betri ikichoka linawasha injini lenyewe. Mtaa mzima ulimcheka. Wiki ya tatu tangu gari lifike, moyo wake ukasimama. Tukamzika. Akamwacha mama yetu, Bi Siwema. Akamwacha mkewe Najiat, mjamzito. Mimi akaniachia gari.

Haya, twende.

Sinia nikaliweka chini. Nikasukuma mlango.

Ule mlango ni wa mninga, mabawa mawili, mzito kama kesi. Nyumba yetu ilijengwa enzi za misafara, na chumba kile ndimo pembe na marobota yalimokuwa yanalala yakisubiri safari ya pwani. Dirisha hakina. Aliyejenga hakutaka mwizi apate hata pa kupitishia mkono. Kuna tundu moja tu juu ukutani, upana wake kama mdomo wa chungu, linatokea chumba cha pili. Wanasema mwenye mali alikuwa analala hicho chumba cha pili ili awasikie wapagazi wakipanga kutoroka.

Adinani alilaza gari humo kwa sababu wakala wa Dar alimwambia betri haipendi jua. Alipofariki, mimi nikaendelea.

Na chumba cha pili, chenye tundu, ndicho Najiat alichokuwa anakalia eda.

Ndani hamna mtu. Usukani uko peke yake. Kiti cha dereva kimebonyea, lakini kile kiti kilibonyea tangu siku za uhai wake, Adinani alikuwa na mwili. Nikasogea. Nikaweka kiganja kwenye boneti.

Likanyamaza.

Hapo hapo, kama mtu aliyeshikwa bega akiwa anaongea.

Nikatoka kinyumenyume nikagongana na mama.

"Umemwona?"

"Nani?"

"Usinijibu kwa swali."

"Hamna mtu mle, mama."

"Ndiyo maana nimekuuliza umemwona."

Halafu sauti ya Najiat ikatoka nyuma ya pazia lake, taratibu, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Uwesu. Usimfukuze."

Nikaenda mpaka kwenye pazia nikaishia hapo. Mwanamke yuko eda, na mimi ni shemeji, siyo mtoto. Upepo wa mlangoni ulilisogeza pazia kidogo nikaona ukuta tu, na koti la kaki la Adinani limetundikwa msumarini, mfuko mmoja umelemea chini.

"Nimfukuze nani, shem?"

"Anakuja kila siku ukishaleta gari. Wewe unakula, unajinyoosha barazani, yeye anakuja. Ananguruma kidogo, ananyamaza. Ananguruma tena. Kama alivyokuwa anasafisha koo kabla hajaniita."

"Kila siku?"

"Tangu tumalize arobaini. Mwanzo nilimsikia tu. Sasa namwona. Anakaa hapa mwisho wa kitanda, ananipa mgongo."

Mama aliweka mkono mdomoni.

"Anasema nini?" akauliza.

"Hasemi. Akiondoka kichwa kinaniuma hasa, mpaka nashindwa kuinuka kuswali Alasiri. Nadhani ni kulia. Na mtoto anamjua baba yake. Akija tu, mtoto anatulia kabisa. Hachezi hata kidogo."

Wali sikuula siku ile.

*

Sasa nikwambie kuhusu lile gari, maana naona watu wanaliandikia maneno ya ajabu mtandaoni, wengine wanalisifu kama bibi harusi, wengine wanalitukana.

Kwa mafuta sitalisingizia. Kigwa kwenda na kurudi, abiria wanne na madumu ya asali kwenye buti, mshale wa mafuta ulikuwa hata haujui kama tumetoka. Wenzangu kijiweni walikuwa wanajaza mara mbili, mimi bado nina ya juzi.

Lakini likikohoa tu, umekwisha. Fundi wa kawaida anafungua boneti, anaona zile nyaya nene za rangi ya chungwa, anafunga boneti, anakuuliza habari za nyumbani.

Lugembe, jamaa wa Igunga tunayepaki naye kijiweni, alikuwa hanipi nafasi.

"Oya, mwenye gari la umeme. Leo umechaji au umekula umeme wa luku ya nyumbani?"

"Halichajiwi ukutani, mara ngapi nikwambie."

"Na betri ikifa?"

"Inanunuliwa nyingine."

"Kwa bei gani?"

"Bei ya kiwanja."

"Kiwanja si ndicho mlichouza?" Kijiwe kizima kikacheka. "Mwana, uza hicho kitu. Gari gani linakuja nyuma ya mtu halisemi? Jana umempita mama yangu mdogo pale sokoni, kadondosha nyanya zote. Anasema kapitwa na kivuli."

Nilizoea. Lakini Jumatatu ile neno kivuli liliniingia mahali pabaya. Niliondoka bila abiria, nikaenda kwa fundi Kornel.

Kornel ni fundi umeme wa magari, miwani yake imefungwa kwa waya. Yeye ndiye pekee niliyemjua anayethubutu kuligusa. Alikuwa na mashine ya kupimia, unachomeka chini ya usukani inakusomea ugonjwa. Nikapaki kivulini mwa banda lake, nikashuka, nikafunga mlango, nikamwaga yote. Mngurumo wa mchana. Mama. Najiat. Mgongo wa marehemu mwisho wa kitanda sikuusema, niliona aibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, chuma cha kuchomelea risasi kikitoa moshi mkononi.

"Hilo gari hapo umelizima?"

"Nimelizima."

"Una uhakika?"

"Si unasikia? Kimya."

"Nimekuuliza kuzima, unaniambia kusikia."

Akafungua mlango wa dereva, akanivuta shati mpaka nikainama. Kwenye kioo cha dashibodi, pembeni kabisa, kulikuwa na kialama cha kijani, umbo la gari dogo.

"Hiki kikiwaka, gari limewashwa. Sasa hivi limewashwa. Ungekanyaga mafuta ungetoka."

"Haliwaki, fundi."

"Kaa hapo. Usiondoke."

Tukakaa. AC ilikuwa inapuliza kwa mbali, mimi huwa siizimi kwa ajili ya joto la Tabora. Zikapita dakika, labda saba, labda kumi. Kornel akarudi kwenye kazi yake. Mimi natazama kiti cha dereva hakina mtu.

Likanguruma.

Niliruka. Kornel hata hakugeuka.

"AC inakula betri," akasema. "Betri ikishuka, injini inaamka kuijaza. Ikijaa, inalala. Hapo hamna jini, kijana. Hapo kuna mtu aliyeshuka na kuacha gari limewashwa."

Miaka minane nimeendesha magari ya dizeli. Gari la dizeli ukilisahau, linakukumbusha kwa kelele. Kimya maana yake umezima. Mwili wangu ulijifunza hivyo, haukuuliza kichwa. Hili, nikifika nyumbani, kimya. Wakati mwingine nilikuwa nabonyeza swichi haraka kabla sijaliweka kwenye kuegesha, linakataa kuzima. Wakati mwingine, nisikudanganye, sikubonyeza kabisa. Ufunguo wenyewe nilikuwa nimeufunga kwa kamba chini ya usukani usipotee, maana pacha wake hatukuuona tangu msiba, na mpya nilitajiwa bei nikaomba maji ya kunywa. Kwa hiyo ufunguo unalala ndani ya gari, na gari linajua mwenyewe yupo.

"Ila haya magari yana kengele," Kornel akasema. "Ukifungua mlango hujalizima, linalia. Tii, tii, tii. Mpaka..."

Akaishia hapo. Akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

Ile kengele aliikata yeye. Kwa mkono wake. Kwa sababu mimi nilimwambia akate.

Hii sijamwambia mtu mpaka leo. Siku mbili za mwisho za Adinani, wodini Kitete, kulikuwa na kile kimashine kando ya kitanda. Tii. Tii. Tii. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye. Kilipobadilisha mlio nilikuwa nashika mkono wake. Kisha nakuja kuendesha gari lake, kila nikifungua mlango nimshushe abiria, tii, tii, tii, sauti ile ile. Nilivumilia wiki moja. Nikaenda kwa Kornel nikamwambia kata. Akaniuliza mara mbili. Nikamwambia kata au nikate mwenyewe kwa meno.

Gari lilikuwa linaniambia kila siku. Mimi nikalikata ulimi.

"Unaliegesha wapi?" Kornel akauliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani nje?"

"Ndani. Chumba cha mizigo."

"Kina dirisha?"

Nikatikisa kichwa. Akaweka chini kile chuma chake.

"Uwesu, nisikilize vizuri. Hewa ile chafu ya ekzosi haihitaji kunuka ili iue. Mtu anaanza kuumwa kichwa. Anakuwa mzito, anasinzia. Anaona vitu ambavyo havipo. Siku moja haamki. Kuna mtu analala karibu na hicho chumba?"

"Hamna," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hamna. Mdomo ulitangulia.

"Mungu kakusaidia, basi," Kornel akasema, akaanza kutafuta waya wa kurudishia kengele. Nikamwambia nitarudi. Nikang'oa ufunguo na kamba yake, nikautia mfukoni, nikaondoka.

*

Nilifika nyumbani nikaegesha nje, ubavuni mwa baraza. Nikaweka kwenye kuegesha, nikabonyeza, nikaangalia mpaka kile cha kijani kikazimika. Kisha nikayafungua mabawa yote mawili ya mlango wa mizigo, nikaweka mawe yasijifunge.

Mama akatoka na ufagio.

"Mbona umeacha nje?"

"Fundi kasema betri inataka hewa."

"Si ilikuwa haitaki jua?"

"Sasa inataka hewa, mama."

Kwenye pazia Najiat akasema, "Halitaingia tena?"

"Kwa sasa hapana, shem."

"Nani kasema?"

"Fundi."

"Kwani fundi ndiye aliyenioa?"

Halafu nikauliza kile kilichokuwa kinanila njia nzima.

"Shem, mtoto anacheza?"

Mama aliacha kufagia.

"Tangu lini shemeji anauliza mambo ya tumboni?"

"Nauliza tu, mama. Labda aende kliniki leo."

"Kliniki yake Jumatatu ijayo. Kwa nini leo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mama yupo, Najiat yupo, mlango uko wazi. Maneno yalikuwa machache tu. Mama, yule hakuwa Adinani. Nilikuwa mimi, na uzembe wangu, namvutisha moshi mke wa mwanao na mjukuu wako kila mchana.

"Basi Jumatatu," nikasema.

Nilijiambia namhurumia Najiat. Kwamba nikimwambia ukweli atafiwa mara ya pili. Uongo. Nilikuwa najihurumia mimi. Tayari mtaani wanasema lile gari lilimla Adinani. Nani angetaka kusikia kwamba dereva wake wa sasa alikuwa anaimalizia familia?

Siku ya pili yake kichwa cha Najiat kikapoa. Mama alinipa habari kwa kunong'ona, akijifanya anaongea na sufuria. "Na mtoto kaamka, anapiga mateke kama anadai nauli." Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo nikalia. Nilidhani imeisha.

Haikuisha.

Siku ya tatu Najiat aliacha kula. Ikifika saa saba, anasogeza kiti chini ya lile tundu, anakaa, anasikiliza. Mpaka Alasiri. Gari liko nje, limezimwa, halina neno.

"Haji," akamwambia mama.

Siku ya nne aliniita mwenyewe. Nikasimama kwenye pazia.

"Uwesu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, shem."

"Basi rudisha gari ndani. Hata mchana mmoja."

"Betri..."

"Usiniambie betri. Mimi nalijua lile gari. Adinani alinifundisha kuliendesha, kule Itetemia, kwenye kiwanja ambacho si chetu tena. Aliniambia hili hata mtoto anaendesha, halina klachi, halina purukushani. Nilikuwa nacheka, naogopa kugonga mti, yeye kashika mkono wa mlango." Sauti yake ikashuka. "Kichwa hakiniumi tena. Ndiyo najua hayupo."

"Shem, kula kwanza."

"Unamwonea wivu hata akiwa kaburini?"

Ningemwambia hapo. Ningemwambia. Badala yake nilikasirika, nikamjibu vibaya, nikamwambia aliyekufa kafa, hana ruhusa ya kuja mchana. Nikasikia mama anashusha pumzi nyuma yangu.

"Hayo umeyatoa wapi?" mama akasema. "Mke wa kaka yako anaomba kitu kimoja. Kimoja. Sisi hatukumpa hata kiwanja cha kujengea, kaka yako kakiuza kwa hilo bati. Sasa hata sauti ya bati unamnyima?"

"Mama, kuna sababu."

"Itaje."

Sikuitaja.

*

Ijumaa. Niliegesha ubavuni mwa baraza, nikahakikisha kile cha kijani kimezimika, nikaweka ufunguo kwenye mfuko wa kanzu nikaenda msikitini kwa miguu. Safari yote narudi nilikuwa nimejipanga. Nafika, nawakalisha, nasema. Nilishayapanga hata maneno ya kuanzia.

Nafika, gari hakuna.

Nikashika mfuko. Ufunguo upo. Nikaubonyezabonyeza kama mjinga, labda gari litanijibu.

Alama za matairi zilikuwa zinatoka kwenye baraza, zinapinda, zinaingia kwenye mlango wa mizigo. Yale mawe niliyoweka yamesogezwa yamepangwa vizuri pembeni, kama mtu anavyopanga viatu. Mabawa yamefungwa.

Mama amekaa mkekani mbele ya mlango, tasbihi mkononi, uso wake una amani ambayo sijaiona tangu msiba.

Na nyuma ya mninga, injini inanguruma.

"Mama, nani kaingiza gari?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Najiat. Mali ya mumewe si yake?" Akazungusha tasbihi punje moja. "Hata sikumsikia. Niko hapa nachambua mchele, nainua macho, nakuta gari linapita kama maji. Ushungi wake kashusha mpaka machoni. Hatua tano tu katoka nje, sidhani kama Mungu atamwandikia dhambi."

"Ufunguo kaupata wapi?"

"Ulikuwa kwenye koti la marehemu. Kila usiku analilalia."

Ule mfuko uliolemea.

"Tangu saa ngapi yuko humo?"

"Kaniambia nusu saa tu, akae naye."

"Tangu saa ngapi, mama?"

"Kabla ya adhana ya kwanza."

Nikahesabu. Adhana, hotuba, swala, watu kupeana mikono, mimi kununua maji njiani. Nikaurukia mlango kwa bega. Haukutikisika. Ule mlango una komeo la chuma kwa ndani, uliwekwa kuzuia watu wenye nguvu kuliko mimi.

"Najiat! Shem, fungua."

"Mwache," mama akasema. "Usiwaharibie."

"Mama, Adinani hayumo. Ni moshi. Siku zote ni moshi. Nilikuwa nalisahau limewashwa, linajiwasha lenyewe, moshi unapita kwenye tundu unamwingia. Kile kichwa ni moshi. Kule kumwona ni moshi. Mtoto alikuwa hatulii kwa ajili ya baba yake, alikuwa anakufa. Nilijua tangu Jumatatu."

Tasbihi ikasimama.

"Ulijua nini?"

"Ita watu. Waje na shoka. Mama, nakuomba, niulize baadaye. Ita watu."

Aliniangalia. Sitausahau ule mtazamo, hata nikizeeka. Kisha akainuka, akakimbia na kiatu kimoja, akiita majina ya majirani. Mimi sijawahi kumwona mama yangu anakimbia.

Nikaingia chumba cha pili. Nililipita lile pazia kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikakanyaga mswala wake, nikavuta kiti kilichokuwa chini ya tundu nikapanda. Koti la kaki halikuwepo msumarini. Harufu ya ndani ilikuwa ya udi, na chini ya udi kuna kitu kingine, kidogo tu, cha garini.

Uso wangu ukafika kwenye tundu. Pale pale ambapo mwenye mali aliweka sikio lake, mimi nikaweka mdomo.

"Shem, sikia. Siyo yeye. Ni mimi. Nililikata kengele, nikawa nashuka nimeliacha linawaka. Anayenguruma siyo Adinani. Ni mimi, Najiat. Kila mchana nilikuwa mimi. Bonyeza swichi, shem. Bonyeza utoke."

Kule chini giza. Naona paa la gari, na mwanga hafifu wa ufa wa mlango umegonga kioo cha mbele. Kwenye kiti cha dereva, mkono wa koti la kaki. Hausogei.

"Najiat. Mtukane hata mama yangu. Sema kitu."

Injini ikazima.

Kimya kikajaa chumba kizima. Nje nasikia miguu ya watu inakuja, nasikia shoka linagonga mninga mara ya kwanza. Kule chini hakuna mlango unaofunguka, hakuna kukohoa.

Zamani, gari likinyamaza nilijua mtu amelizima. Sasa sijui. Labda amenisikia akabonyeza. Labda betri imejaa tu.

Nikakaza macho kutafuta kile kialama cha kijani. Kutoka pale niliposimama, hakionekani. Naona paa tu.